Achari ya Fanning na tango lisilotaka kulegea

Mwaka 1923, wakulima wa matango wa jimbo la Illinois, Marekani, Omar Fanning na mkewe Cora, waliomba kusajili nembo ya biashara yao: Fanning's Bread and Butter Pickles. Inasimuliwa kwamba jina hilo la mkate na siagi lilizaliwa na shida. Walikuwa na matango madogo ambayo sokoni hayakupata mnunuzi. Wakayakata vipande, wakayatia siki, sukari na viungo, wakayapeleka kwa mwenye duka na kurudi nyumbani na mkate, siagi na mahitaji mengine. Nembo ilikuwa yao, lakini jina likawa la kila mtu. Leo achari tamu ya matango huitwa hivyo Marekani nzima.

Mapishi hayakuwa mapya. Tango asili yake India, na bizari ya manjano inayoipa achari hiyo rangi ni ile ile iliyoletwa pwani yetu na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Sisi achari ya embe au ndimu tunaitaka na pilipili. Wao walitaka sukari, tena nyingi, pamoja na vitunguu na mbegu za haradali.

Chupa ndiyo yenye historia. Nicolas Appert, mtengeneza peremende wa Ufaransa, aligundua kwamba chakula kikizibwa vizuri ndani ya chupa kisha kikachemshwa, hakiozi. Mwaka 1810 serikali yake ikamlipa faranga 12,000, ingawa yeye mwenyewe hakujua kwa nini njia yake ilifanya kazi. Maelezo yalikuja miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kazi ya vijidudu.

Tarehe 30 Novemba 1858, fundi bati John Landis Mason alipata hataza ya chupa yenye shingo ya skrubu na kifuniko cha zinki. Mama wa nyumbani hakuhitaji tena kuziba kwa kizibo na nta, na chupa iliweza kutumika msimu baada ya msimu. Mason hakufaidika sana. Hataza yake ilikwisha muda, wengine wakatajirika kwa kufyatua chupa hizo, wakiwamo ndugu watano wa ukoo wa Ball walioanza kazi hiyo Buffalo mwaka 1884. Yeye alikufa maskini mwaka 1902. Hata hivyo jina lake bado limeandikwa kwenye vioo.

Basi chupa ikapatikana, likabaki tango. Joto linaloua vijidudu ndilo hilo hilo linalolainisha pektini, gundi inayoshika nyama ya tunda, na achari iliyolegea haina raha mdomoni hata iwe tamu vipi. Wapishi wakatafuta dawa. Wengine walitia shabu, ambayo wataalamu wa leo wanasema haisaidii kitu kwenye achari ya namna hii. Wengine waliweka majani ya mzabibu, au waliyafunika matango kwa chumvi na barafu saa kadhaa ili yatoe maji. Walioloweka kwenye maji ya chokaa walipata jibu la kweli: kalisi iliyomo hushikamana na pektini na kuikaza. Ni chokaa ya jamii ile ile ya wala tambuu. Lakini ina hatari, kwa sababu inapunguza ukali wa siki, na ukali huo ndio unaomzuia bakteria wa botulizimu. Ndiyo maana matango ya chokaa husuuzwa, kisha hulowekwa kwenye maji safi saa moja, mara tatu, kabla ya kutiwa siki.

Kwa maoni yangu, aliyemaliza ubishi huo ni mtafiti John Etchells wa idara ya kilimo ya Marekani, aliyefanya kazi Raleigh, North Carolina. Miaka ya 1940, yeye na wenzake walionyesha kwamba achari mbichi ya siki haihitaji kuchemshwa sana: katikati ya chupa pakifika nyuzi 74 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 15, inatosha. Viwanda viliichukua njia hiyo. Kwa jikoni, miongozo ya Marekani huruhusu baadhi ya achari kukaa dakika 30 kwenye maji ya nyuzi 82 hadi 85, ila lazima kuwe na kipimajoto.

Ukitaka kujaribu, kata na kutupa ncha ya tango upande ulikokuwa ua, kwani huko ndiko kuna vimeng'enya vinavyolegeza. Tumia siki yenye asidi asilimia 5, wala usiizimue kwa maji zaidi ya kipimo cha mapishi. Ukiiona kali mno, ongeza sukari.