Damu Kuganda, na Alama Nne za Padua

Mwenye maziwa hufurahi yakiganda. Aliyejikata kisu jikoni naye hushukuru damu ikiganda. Lakini mgonjwa aliyelala wodini siku kadhaa, mara mguu mmoja ukavimba na kuuma, hana cha kushukuru: damu yake imeganda ndani ya mshipa, pasipo jeraha. Kitenzi ni kilekile, na hapo ndipo mfasiri anapoanza kukuna kichwa.

Madaktari huita hali hiyo thrombosisi. Bonge likikatika mguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu huitwa embolia, jina lililotolewa na Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani wa karne ya 19 aliyeonyesha kuwa mabonge yanayokutwa kwenye mapafu ya maiti huweza kuwa yametoka mbali.

Kiswahili kina maneno, tatizo ni kwamba yana kazi nyingine. “Bonge” mtaani ni sifa: bonge la bao, bonge la nyumba. “Donge” ni la wivu, hasa kwa wapenzi wa taarabu. “Mgando” umetulia zaidi, ila hauonyeshi damu imegandia wapi. Ukiongeza “mshipa” umefungua mlango mwingine, kwa kuwa neno hilo hubeba vena, ateri na hata neva, na wazee wakisikia “ugonjwa wa mshipa” huenda wakafikiria ngiri au busha. Kwa hiyo “mgando wa damu kwenye vena”, ingawa ni refu, ndilo linalosema kinachotakiwa kusemwa.

Sasa ongeza neno “hatari”. Hospitali hufanya tathmini ya hatari ya mgando kabla bonge halijatokea, ili kujua nani akingwe. Mojawapo ya mizani zinazotumika ilitoka Padua, Italia, mwaka 2010. Saratani ina alama 3; kuwahi kupata mgando, 3; kulazwa bila kutembea, 3; kasoro ya damu inayorahisisha kuganda, 3. Upasuaji au ajali ndani ya mwezi mmoja ni 2. Umri wa miaka 70 na zaidi, unene uliokithiri, maambukizi makali, tiba ya homoni na mengine machache ni 1 kila kimoja. Bibi wa miaka 72 mwenye nimonia, asiyeinuka kitandani, tayari ana 5. Kuanzia 4 mgonjwa huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Ni mtihani ambao mwenye alama nyingi ndiye aliyefeli.

Hesabu hiyo pekee haitoshi. Daktari huuliza pia kama mgonjwa ana kidonda cha tumbo kinachovuja damu au sababu nyingine ya kutokwa damu, kwa kuwa heparini inayozuia mgando huweza kumwaga damu upande wa pili. Wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu, na hilo nalo ni kosa: haiyeyushi bonge lililokwisha kuundwa, huzuia jipya na kulizuia la zamani lisikue.

Uingereza inaonyesha jinsi kazi hii ndogo ya tathmini ilivyo ngumu. Mwaka 2005 kamati ya bunge ilitaja makadirio ya vifo 25,000 kwa mwaka vinavyotokana na mgando unaopatikana hospitalini. Heparini ilikuwa inajulikana tangu 1916. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila mgonjwa. Mwaka 2010 hospitali za Uingereza zikatakiwa kuripoti ni wagonjwa wazima wangapi waliolazwa wamefanyiwa tathmini, lengo likiwa asilimia 90. Mwanzoni hawakufika hata nusu. Ndani ya miaka michache lengo likavukwa.

Fomu ya tathmini ikifika kwenye wodi ya Kiswahili, “hatari” huleta mtafaruku. Mgonjwa akiambiwa yuko kwenye hatari, husikia kwamba anakufa, na jamaa huanza kupigiana simu. “Uwezekano” ni bora. “Kupima” nako hudanganya, maana mtu atakunja mkono wa shati akingoja sindano, ilhali hakuna damu inayochukuliwa. “Kukadiria uwezekano wa damu kuganda” ndiko kungefaa kwenye karatasi. Kando ya kitanda, muuguzi anaweza kuanza kwa swali tu: “Bibi, tangu juzi umeinuka mara ngapi?”