Ile Leza ya Kijani Si ya Kijani: Hii Ndio Siri Iko Ndani

Unajua ile leza ya kijani masee huwasha usiku wakimulika ghorofa za mbali? Unadhani ndani kuna taa ya kijani? Zii. Nyingi zao zinaanza na mwanga wenye jicho lako haliwezi kuona. Na hapo ndio noma iko.

Inageukaje rangi?
Kwa kawaida mwanga ukipita kwa glasi, unatoka na rangi yake ile ile. Lakini ukiwa mkali sana ndani ya kristali fulani, mambo yanabadilika. Fikiria spika ya mathree: sauti ikiwa chini, ngoma inatoka safi. Ukiifungua yote, inaanza kutoa milio yenye haikuwa kwa ngoma. Kristali pia iko hivyo. Ikisukumwa sana, inatoa wimbi jipya lenye urefu wa nusu ya lile la kwanza. Na ukiongeza nguvu ya mwanga mara mbili, huo mpya unaongezeka karibu mara nne.

Nani aligundua?
Mwaka wa 1961, mwaka mmoja tu baada ya leza ya kwanza, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipiga leza nyekundu ya nanomita 694 kwa kristali ya kwatzi. Wakapata kadoti ka nanomita 347. Inasemekana jarida lilifuta hako kadoti kwa picha likidhani ni uchafu!

Ndani ya leza yako
1. Dayodi inatoa mwanga wa nanomita 808.
2. Kristali yenye neodimiamu inaufanya 1064. Huu ni infraredi, huwezi uona.
3. Kristali ya KTP inakata hiyo nusu: 532. Kijani!

Sasa noma ni gani?
Si mwanga wote hugeuka. Infraredi yenye imebaki inafaa kuzuiwa na filta, lakini leza zingine za bei ya chini hazina. Kijani kikikupiga, unafunga jicho haraka. Infraredi haikushtui, na retina haisikii uchungu. Ikichomeka, mara nyingi hairudi.

Kwa hivyo usimulike mtu usoni, dere, ndege wala kioo. Na ukiona mtoto anachezea hiyo kitu, mnyang'anye mapema. Betri ikianza kuisha na kijani kififie, usidhani imekuwa salama: penye unaona giza, mwanga unaweza kuwa bado uko.