Unga wa Mtoto Mpakani Rusizi II: Kwa Nini Swali la "Dukani au Nyumbani" Halitoshi

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Rwanda wa 2019-20 una takwimu mbili ambazo kwa kawaida hujadiliwa katika mikutano tofauti. Ya kwanza inasema asilimia 81 ya watoto wasiotimiza miezi sita hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Nchi nyingi zenye hospitali bora zaidi hazijakifikia kiwango hicho. Ya pili inasema kuwa kati ya watoto wa miezi 6 hadi 23, ni asilimia 22 tu wanaopata mlo unaofikia kiwango cha chini kinachokubalika. Mzazi aliyefuata ushauri kwa nusu mwaka bila kuyumba anaonekana kuuacha ghafla mwezi wa saba. Amepatwa na nini?

Majibu yaliyozoeleka ni mawili, na yote mawili yanamlaumu mzazi. Watetezi wa chakula cha nyumbani wanasema amelaghaiwa na pakiti zenye picha ya mtoto mnene, akaisahau bustani yake. Watetezi wa chakula cha kiwandani wanasema ameng'ang'ania uji mtupu wa mahindi kwa sababu hajui maana ya madini ya chuma na zinki. Makala haya yanapinga majibu yote mawili kwa kuangalia mazingira ya daraja la Rusizi II, linalounganisha wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, na mji wa Bukavu nchini Kongo. Hoja yangu ni kwamba swali la wapi chakula cha mtoto kimetengenezwa ni swali la wataalamu. La mzazi ni jingine: nani anajua kilichomo ndani ya unga huu?

Sera yenyewe haijaamua inasimama upande gani. Tangu kampeni ya siku elfu moja za kwanza za uhai ilipozinduliwa mwaka 2013, vijiji vya Rwanda vimekuwa na jiko la kijiji, igikoni cy'umudugudu, ambapo washauri wa afya huonyesha akina mama jinsi ya kuchanganya mboga, maharage na samaki wadogo katika chakula cha mtoto. Wakati huohuo serikali hugawa bure kwa kaya maskini Shisha Kibondo, unga ulioongezewa vitamini na madini, unaotengenezwa Kigali na kampuni ya Africa Improved Foods, ambayo serikali ni mmoja wa wanahisa wake. Kampuni hiyohiyo huuza dukani unga wa watoto kwa jina la Nootri Toto. Kwa hiyo katika kijiji kimoja mama anaweza kuambiwa kwamba lishe bora inatoka shambani kwake, kisha akabidhiwe pakiti ya kiwandani. Sioni unafiki hapo. Njia zote mbili zina sababu zake. Lakini mtafiti akimkuta mama huyo ana "mtazamo unaopingana" kuhusu vyakula vya watoto, aanze kwa kusoma waraka wa sera kabla ya kuisoma akili ya mama.

Wanyonyeshaji hawana haja ya kumwamini muuzaji yeyote. Maziwa ya mama hayana gunia, hayana mashine, hayana dalali. Mwezi wa saba mtoto anaingia sokoni, na mzazi anaingia naye. Hapa ndipo mgawanyo wa "dukani" na "nyumbani" unapovunjika, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa chakula cha nyumbani katika miji ya mpakani imenunuliwa. Mahindi, mtama, soya na karanga hununuliwa kwa kilo kutoka kwa wauzaji tofauti, huchambuliwa, hukaangwa au kuanikwa, halafu hupelekwa mashineni. Sambaza, samaki mdogo aliyetolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, hununuliwa akiwa mkavu. Nchini Rwanda, mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi unajulikana kwa jina la SOSOMA, ambalo pia ni jina la kampuni inayouuza ukiwa tayari kwenye mfuko. Unga uleule, basi, una maisha mawili: mmoja una lebo, mwingine hauna.

Anayetaka kuona mtazamo wa mzazi asimame kwenye mashine ya kusaga, asiishie kugawa dodoso. Mama anayesubiri zamu yake, anayekataa unga wake ufuate mara moja ule wa mihogo ya mtu mwingine, anayeangalia mpaka punje ya mwisho imeingia, anafanya ukaguzi. Hana imani ya kimila na "asili". Anatumia njia pekee ya udhibiti wa ubora iliyo mikononi mwake, yaani macho. Tatizo ni kwamba kwa hatari iliyo kubwa kuliko zote katika unga wa mahindi na karanga, macho hayatoshi.

Hatari hiyo ni sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kiasi kidogo hakiui haraka, lakini mtoto anayekunywa uji uleule kila siku huendelea kuipata, na tafiti kadhaa zimeihusisha na udumavu, ingawa uhusiano wa sababu na matokeo bado unabishaniwa. Haina ladha wala rangi ya kutegemewa. Haiishi kwa kuchemshwa jikoni.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko mwingine unatoka kiwandani, si jikoni. Africa Improved Foods ilipoanza kazi Kigali, kati ya mwisho wa 2016 na 2017, ililazimika kukataa sehemu kubwa sana ya mahindi ya wakulima wa ndani kwa sababu ya sumukuvu. Baadaye ilibadili utaratibu. Badala ya kusubiri punje zilizopukuchuliwa na kuanikwa chini nyumbani, ilianza kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, muda mfupi baada ya kuvunwa, na kuyakausha kwa mashine. Kiasi cha mahindi yanayokataliwa kikashuka sana. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa teknolojia na wa mkulima, na ni kweli.

Lakini mahindi yaliyokataliwa yalikwenda wapi? Mkulima aliyerudishiwa gunia hakulimwaga mtoni. Ni jambo la busara kudhani kwamba mengi yalirudi kwenye soko la kawaida, na kutoka hapo kwenye mashine za kusaga na sufuria za uji, bila kipimo chochote. Ikiwa dhana hii ni sahihi, kiwanda kilichojenga usalama wa unga wake kilikuwa pia, bila kukusudia, kinachuja soko na kuliachia makapi. Kwa dhana hiyo, chakula cha "nyumbani" cha kipindi hicho kilikuwa cha hatari zaidi kwa sababu cha dukani kilikuwa salama zaidi. Sijaona mjadala wa lishe Afrika Mashariki unaolibeba jambo hili, na ninadhani sababu ni kwamba kambi zote mbili zingeumia: moja ingekiri kwamba asili haina kinga, nyingine kwamba usalama wa pakiti una gharama inayolipwa na wasioinunua.

Je, wazazi wangelipia uhakika kama wangeuziwa uhakika wenyewe, bila picha ya mtoto mnene? Watafiti Diakalia Sanogo na William Masters walilijaribu swali hilo Bamako, Mali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Akina mama huko walikuwa tayari kulipa ziada kwa unga wa kawaida uliothibitishwa na mhusika asiye muuzaji. Maana yake ni kwamba sehemu ya bei kubwa ya chapa maarufu ya kigeni ilikuwa bei ya kuaminiwa. Bamako si Rusizi, na miaka imepita. Hata hivyo utafiti wa baadaye wa Masters na wenzake, uliopima bidhaa 108 za vyakula vya watoto vilivyofungashwa kutoka nchi 22, ulionyesha kwamba nyingi hazikufikia viwango vinavyopendekezwa vya chuma, zinki au mafuta. Wazazi wanaozitilia shaka pakiti hawakosei, na wanaozitamani hawakosei pia.

Pingamizi la sukari nalikubali moja kwa moja. Ripoti ya mashirika ya Public Eye na IBFAN ya Aprili 2024 ilionyesha kwamba Cerelac, chakula cha watoto cha kiwandani, iliyokuwa ikiuzwa Senegali na Afrika Kusini ilikuwa na sukari iliyoongezwa, gramu sita au zaidi kwa mlo mmoja, huku bidhaa kama hizo Uswisi zikiwa hazina. Pingamizi la umaskini ni zito zaidi. Utafiti uleule wa Rwanda wa 2019-20 uliona udumavu wa asilimia 49 katika kaya maskini zaidi na 11 katika zile tajiri zaidi. Anayedai kuwa kuuamini au kutouamini unga ndiko kunakoeleza kila kitu ajibu takwimu hiyo kwanza. Mimi nadai kidogo zaidi: umaskini unaeleza mzazi ananunua nini, hauelezi kwa nini mwenye fedha ileile huchagua mara mfuko, mara mashine.

Kipimo chenyewe kilichotoa ile asilimia 22 ya watoto wanaopata mlo unaokubalika nacho kina upofu wake. Sehemu yake moja huhesabu makundi ya vyakula, na mtoto anatakiwa apate angalau makundi matano kati ya manane. Uji wa unga wa mahindi na soya ulioongezewa virutubisho huhesabiwa kwa makundi ya vyakula vilivyomo tu, basi. Vitamini na zinki za kiwandani hazionekani. Takwimu tunayoitumia kuwashutumu wazazi imepangwa kupendelea sahani ya jiko la kijiji.

Kama hoja hii inashika, fedha kidogo za mahubiri ya lishe zingehamishiwa mashineni. Vipimo vya haraka vya sumukuvu vipo, na havihitaji maabara kubwa. Rusizi II pangefaa kwa jaribio la kwanza, kwa kuwa ni njia ya malori na nafaka hupita huko kwa wingi. Shehena zikipimwa, matokeo yabandikwe kwenye mashine za kusaga za pande zote mbili za mpaka, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisini tu. Naiona hatari moja ambayo sina jibu lake kamili. Mama aliyeogopeshwa kuhusu mahindi na karanga anaweza kukimbilia mihogo, ambayo kwa kawaida ina sumukuvu kidogo na pia protini kidogo mno. Kwa hiyo tangazo la gunia lililoshindwa kipimo lisibandikwe peke yake. Liambatane na bei ya siku hiyo ya soya na ya sambaza, na jina la soko zinakopatikana.