Pikipiki ya mipira mitatu: mambo ya kujua kabla ya kununua ukiwa na miaka 45 ama 55

Ukisimama asubuhi pembeni ya soko ya Kadutu ama pale Nyawera, angalia wenye kuendesha trisikli. Si vijana peke yao. Kuna wazee wenye mvi, kofia ya sufu chini ya kaske, wamepakia simenti, mbao, bidon za maji, magunia ya makala. Wengi wao hawakuwahi kuwa motari. Walikuwa waalimu, maseremala, wafanyakazi wa kampuni zilizofunga, na wakaona kwamba mgongo hauwezi tena kubeba lakini watoto wangali shuleni.

Kwa redio tunapata maswali mengi juu ya jambo hili, na miye mwenyewe liko kwa familia. Yaya wangu, mtoto wa kwanza kwetu, ni seremala. Alikuwa na miaka 52 alipouza kiwanja chake kidogo ili anunue trisikli ya kupeleka vitanda na makabati kwa wateja. Nitamrudilia kwani alilipa ada ya masomo haya yote.

Kwanza majina. Hapa kwetu hatujakubaliana: trisikli, moto ya mipira tatu, na ile ya abiria yenye paa tunaiita bajaji kama Watanzania. Wenye kutoka Burundi wanasema tuktuk. Bajaji ni jina la kampuni ya India, Bajaj. Chombo chenyewe kilizaliwa Italia, ambako kampuni ya Piaggio ilitoa mwaka 1948 gari dogo la mipira mitatu kutoka kwa pikipiki yake ya Vespa. Vespa kwa Kiitalia ni nyigu, na hilo la mizigo wakaliita Ape, maana yake nyuki, kwani linafanya kazi. Zile za mizigo tunazoziona Bukavu, zenye sanduku la chuma nyuma, nyingi zinatoka China. Zinafika kwa vipande ndani ya makatoni na fundi anaziunganisha hapa hapa.

Kwa nini mtu mzima anaipenda? Kwa sababu haianguki ikisimama. Pikipiki ya mipira miwili inakuomba uishike kwa miguu kila mahali pa kusimama, na pale Feu Rouge ama Essence, kwenye foleni, unasimama mara makumi. Goti lenye kuuma linachoka haraka. Trisikli unakaa kama kwenye kiti, miguu iko mahali pake, na iko na vitesi ya kurudi nyuma. Watu wenye ulemavu walijua faida hii mbele yetu: kwenye Petite Barrière ya Goma na kwenye Beach Ngobila ya Kinshasa, trisikli zao za kusukumwa kwa mkono zimebeba bidhaa za mpaka miaka na miaka.

Lakini hapo ndipo kosa linaingia. Mtu anasema, haianguki, basi ni rahisi. Haianguki ikisimama. Ikitembea ni habari ingine.

Pikipiki ya mipira miwili inalala kwenye kona. Wewe na mashini munaegama pamoja, na mwili unajua jambo hilo bila kufikiri. Trisikli hailali. Ukiingia kona na mwendo, uzito wote unasukumwa upande wa nje, mpira wa nyuma wa ndani unaanza kunyanyuka, na kama mzigo uko juu, inapinduka. Kwa hiyo mwendo unapunguzwa mbele ya kona, si ndani ya kona. Ukisha kuingia, kukamata freni ya mbele kwa nguvu kunazidisha hatari, kwani mpira wa mbele ni mmoja tu. Mwili wako unaegamisha kidogo upande wa ndani, na usukani unaugeuza kweli kwa mikono, kama gari. Aliyezoea mipira miwili anateseka hapa kuliko asiyezoea chochote.

Kosa la pili la wazoefu ni mguu. Kwa moto ya mipira miwili, ukisimama unateremsha mguu chini. Ukifanya hivyo kwa trisikli ingali inatembea, mpira wa nyuma uko sawasawa nyuma ya kisigino chako na unaupanda. Ndiyo ilimfikia yaya. Juma la tatu tangu anunue, akishuka na vitanda vinne vimepangwa moja juu ya ingine, aliona mtoto mbele, akakata kona, akasikia mashini inanyanyuka, na mguu wa kuume ukaenda chini wenyewe kutafuta udongo. Trisikli haikupinduka kabisa. Mguu ulivunjika mahali pawili. Miezi minne bila kazi, na kiwanja hakipo tena.

Nilimuuliza hospitalini: «Yaya, ni nani alikufundisha kuendesha?» Akajibu: «Ni kijana wa pale walipouza. Alinionyesha vitesi, akaniambia, muzee, ni vile tu.» Somo lilikuwa la robo saa.

Basi mwenye miaka yake ajipe siku za kujifunza, na hapa Bukavu shida ni kupata mahali pa tambarare. Uwanja wa shule siku ya Mungu mchana unafaa, ukiomba ruhusa. Anza bila mzigo. Zunguka munane, kushoto na kuume, polepole, mpaka mikono ielewe. Weka mawe mawili na upite katikati, kwani sehemu ya nyuma ni pana kuliko ya mbele: usukani unapita, na sanduku linagonga ukuta. Kwenye vichochoro vya Nyamugo ama Cimpunda utalikumbuka jiwe hilo. Rudi nyuma mara nyingi. Halafu pakia mifuko miwili ya mchanga, urudilie yote. Siku tano za namna hii ni kidogo kuliko miezi minne.

Sasa milima. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1500 hivi, imejengwa juu ya migongo ya ardhi inayoingia ziwani, na karibu kila kazi ya mizigo inaanza chini na kuisha juu: unapakia kando ya ziwa, unapeleka Kadutu, Panzi ama Bagira. Ukipanda, uzito unarudi nyuma. Kama mzigo umejaa mwisho wa sanduku, mpira wa mbele unakuwa mwepesi, unageuza usukani na trisikli haigeuki. Mzigo mzito uwekwe mbele ya sanduku, karibu na mgongo wako, na chini. Vyepesi juu. Funga na kamba ya kweli, si ya nailo iliyokwisha kuungua na jua. Usingoje katikati ya mlima ili kuteremsha vitesi. Iteremshe ungali chini. Na mashini ikizimika, freni ya mkono kwanza, halafu mtu aweke jiwe nyuma ya mpira. Jiwe hilo, ama kipande cha mbao kilichokatwa vizuri, kitembee ndani ya chombo kila siku. Yaya yake aliitengeneza kwa mbao ya mti mgumu na akaitia mpini.

Kushuka kunaua kuliko kupanda. Kuna tabia ya kutoa vitesi na kuacha mashini itelemke bure ili kuchunga esansi. Unachunga esansi ya franka kidogo na freni inabaki kubeba nusu tani peke yake. Freni za nyuma ziko ndani ya ngoma ya chuma. Zikipata moto sana hazikamati tena, na unasikia harufu ya kuungua wakati umekwisha kuchelewa. Shuka na vitesi ile ile ungepanda nayo. Wakati wa mvua, ambayo kwetu ni kuanzia Septemba mpaka Mei, ukipita kwenye maji mengi freni zinalowana: zikanyage polepole mara mbili tatu ukiendelea, zikauke.

Simenti mufuko mmoja ni kilo 50. Mifuko kumi ni nusu tani. Angalia kibati cha mtengenezaji, utaona uzito unaoruhusiwa, na ujihesabu wewe na msaidizi ndani yake. Mteja atakuomba kila siku uongeze mbili. Watoto juu ya mzigo, hapana.

Juu ya mwili wenyewe nisiseme mengi, lakini haya matatu. Macho: kupita miaka 40 karibu kila mtu anaanza kuona vibaya ya karibu, na usiku taa za magari zinapofusha kuliko zamani. Mwenye busara anarudi nyumbani mbele ya giza. Tansion na sukari: pimisha kwenye kituo cha afya mbele ya kununua, kwani kizunguzungu kwenye usukani si sawa na kizunguzungu kwenye kiti. Mgongo: trisikli inapumzisha magoti lakini inatikisa kiuno, sababu mpira wa mbele ukikwepa shimo, mmoja wa nyuma unaliingia. Na usukani wa trisikli iliyojaa ni mzito, mabega yatakuambia usiku wa kwanza. Kaske ni lazima. Watu wanasema iko na mipira tatu, kaske ya nini. Lami haihesabu mipira.

Kwa kununua, usiende peke yako. Mlipe fundi asiyejuana na muuzaji, hata kama ni nusu siku. Kama ni mpya, akaze bulo zote upya kwani zile za kuunganishwa haraka zinalegea siku za kwanza, na abadilishe oili mapema, baada ya kilomita 500 hivi, kufuatana na kitabu chake. Siku hizo usipakie sana. Kama ni okazyo, angalia chini kabla ya kuangalia rangi: shasi iliyochomelewa karibu na resori, oili inayovuja kwenye pon ya nyuma, rulma zenye kelele. Ipandishe mlima na mzigo, simama katikati, vuta freni ya mkono, toa mguu. Ikirudi nyuma, bei inarudi nyuma vilevile ama unaondoka. Kwenye telemko ndogo kamata freni: ikivuta upande mmoja, freni mbili za nyuma hazilingani. Kama ni bajaji ya abiria iliyotumika Tanzania ama Kenya, ambako wanaendesha kushoto, tazama upande gani umefungwa na chuma. Hapa kwetu abiria ateremke kuume, kando ya njia, si katikati ya magari.

Karatasi zisomwe mchana. Namba ya shasi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kati rozi, herufi kwa herufi. Code de la route yetu ni sheria ya 30 Agosti 1978, na inaomba permi, plake na asiransi. Asiransi ilikuwa ya SONAS peke yake mpaka sheria ya 2015 iliyofungulia makampuni mengine mlango. Tangu AFC/M23 waingie Bukavu mwezi wa Februari 2025, ofisi na tozo zimebadilika, na benki zilifunga: watu wananunua kwa pesa mkononi. Kwa hiyo ulizia kwanza kwa shirika la wenye trisikli wa mtaa wako ni karatasi gani inaombwa njiani na inalipwa wapi, halafu dai risiti. Pesa nyingi zisihesabiwe sokoni. Hesabieni nyumbani mwa mtu, na mashahidi wawili, na hati ya kuuziana yenye saini.

Hesabu ya faida ifanywe kwa kalamu, si kwa furaha. Tuseme chombo ni dola 2500. Tuseme siku nzuri inaingiza dola 12: esansi 4, tozo na msaidizi 1, akiba ya piesi na mipira 2. Inabaki 5. Ni siku 500 za kazi ili bei irudi, na kwa siku sita kila juma ni miezi 19, kama hakuna siku ya mvua, ya ugonjwa wala ya risasi. Weka namba zako mahali pa zangu uone. Wengi wanasahau zile dola 2 za akiba, na mwaka wa pili chombo kinalala kwenye parseli, kuku wanataga ndani yake.

Tena uamuzi wa viongozi unaweza kuja siku moja. Mwezi wa Machi 2022, jirani zetu wa Bujumbura waliamka na kuambiwa kwamba baiskeli, pikipiki na tuktuk hazitaingia tena katikati ya mji. Aliyenunua kwa deni juma lililotangulia, deni lilibaki palepale. Usikope kwa riba kununua trisikli. Afadhali wawili wa familia moja waunganishe, kila mmoja siku zake, na kila kitu kwenye daftari.

Yaya alirudi kazini. Sanduku amelikata kimo, ameweka fito mbili za pembeni, na hapakii tena vitanda kupita viwili. Safari zimekuwa mara mbili, esansi imepanda. Mguu unauma wakati wa baridi. Mtoto wake wa kiume, miaka 24, anataka kuiendesha vilevile. Babake amempeleka kwenye uwanja wa shule na mawe mawili, na leo ni siku ya nne.