Sifuri na Moja: Kutoka Kiwanda cha Bia Hadi Kwenye Kompyuta Yako

Wengi hudhani sifuri na moja ni mali yetu sisi watu wa kompyuta. La hasha! Wanatakwimu nao huzitumia kulinganisha makundi mawili, na historia yenyewe inapitia kiwanda cha bia.

William Sealy Gosset aliajiriwa na Guinness kule Dublin mwaka 1899. Ndiyo, Guinness hiihii ya baa zetu. Kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe utafiti kwa majina yao, kwa hiyo akajiita "Student". Katika makala yake ya 1908 kuhusu sampuli ndogo, alitumia vipimo vya wagonjwa 10 wa Kalamazoo, Michigan, waliojaribiwa dawa mbili za usingizi. Ya kwanza iliwaongezea wastani wa saa 0.75 za usingizi, ya pili saa 2.33.

Sasa tutumie rigresheni. Kila kipimo cha dawa ya kwanza kipe 0, cha dawa ya pili kipe 1, kisha chora mstari unaokaribia vipimo vyote kadiri iwezekanavyo. Kwa kuwa kuna vituo viwili tu, mstari utapita kwenye wastani wa kila kituo: unaanzia 0.75 na kupanda kwa 1.58, ambayo ndiyo tofauti ya dawa hizo. Alama hiyo ya 0 na 1 huitwa kigeu bandia, na makala ya Daniel Suits ya 1957 ilisaidia kuieneza miongoni mwa wachumi.

Ukiishia hapo, kosa la makadirio ni kama 0.85. Tofauti haifiki hata mara mbili yake, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba dawa ya pili ni bora.

Lakini ngoja! Wagonjwa ni walewale 10, na kila mtu ana usingizi wake. Ongeza kigeu bandia kwa kila mgonjwa, ukimwacha mmoja awe wa kulinganishia. Tofauti inabaki 1.58, ila kosa linashuka hadi 0.39. Sasa ni zaidi ya mara nne! Gosset alilizingatia hilo kwa kutoa kipimo kimoja kwenye kingine, mgonjwa kwa mgonjwa, bila kompyuta.

Kwa hiyo ukilinganisha matoleo mawili ya programu yako, uliza kwanza: watumiaji ni walewale au ni wengine? Ukisahau hilo, unaweza kuitupa dawa inayofanya kazi.