Mtemi na Ubishi wa Karimjee

Ukitoka Ukumbi wa Karimjee, Kivukoni, Dar es Salaam, ukafuata Mtaa wa Samora mpaka Sanamu ya Askari, kisha ukakata kwenda Mnazi Mmoja, unaibukia Lumumba kwa mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Nyuma umeacha wizara na mabenki. Mbele jezi zimetundikwa, mitumba imemwagwa chini, machinga wananadi kwa sauti. Karimjee ndiko lilikokutana Baraza la Kutunga Sheria na baadaye Bunge. Lumumba, zamani New Street, ndiko ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa miaka thelathini ubishi mkubwa wa siasa zetu ulikuwa kati ya sehemu hizo mbili: nani mwenye neno la mwisho, Bunge au chama? Aliyeliuliza swali hilo mapema, na kulipa gharama yake, ni Chifu Abdallah Said Fundikira.

Alizaliwa Tabora mwaka 1921, katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, ukoo uleule wa Isike aliyepambana na Wajerumani hadi boma lake lilipoanguka mwaka 1893. Alisoma kilimo Makerere, akaajiriwa serikalini kama bwana shamba, na mwaka 1957 akakalia kiti cha utemi.

Wakati huo Gavana Twining alikuwa akitafuta ngao dhidi ya TANU. Machifu aliwaundia mkutano wao maalumu, na mwaka mmoja kabla alikuwa amekibariki chama cha UTP, kilichoongozwa na mlowezi Ivor Bayldon na kudai usawa wa viti kati ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, katika nchi ambayo Waafrika ndio karibu watu wote. Uhafidhina wa namna hiyo, wa kulinda nafasi za wachache, ulistahili kuzikwa, na wapiga kura waliuzika katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959.

Fundikira alikuwa na kila sababu ya kumwegemea Gavana. Akasimama na Julius Nyerere, kiongozi wa TANU. Julai 1959 alikuwa miongoni mwa wajumbe watano wa kuchaguliwa waliopewa uwaziri, wengine wakiwa George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Yeye alikabidhiwa ardhi. Uhuru ulipokuja akawa waziri wa kwanza wa sheria.

Ushindi wa TANU, hata hivyo, ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mwaka 1960 ilichukua viti 70 kati ya 71. Novemba 1962 mpinzani Zuberi Mtemvu aligombea urais, Nyerere akapata zaidi ya asilimia 98. Mwanzoni mwa 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria, na mtemi akajikuta ndani ya serikali inayoufuta utemi. Kwangu mimi hatua ile ilikuwa ya haki: raia wa jamhuri hatawaliwi kwa urithi. Tena haikuwafukuza machifu wote kwenye siasa. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikalia kiti cha Spika pale Karimjee tangu 1962, akakaa nacho kwa miaka mingi.

Lililomtoa Fundikira ni jingine. Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka huohuo alilalamika kwamba wabunge hawana uhuru wa kweli wa kujadili mambo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa nje ya serikali na nje ya TANU. Mbunge anayesema kwa hofu ya kikao cha New Street hawezi kuwasemea waliomchagua. Hapo ndipo ninapouona uhafidhina wake wenye thamani: wa kulinda taasisi isimezwe, hata na watu wema.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo, mhafidhina mwingine, Barry Goldwater, seneta wa Arizona, alishindwa vibaya na Lyndon Johnson katika uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1964, akiambulia majimbo sita. Lakini Goldwater alibaki na chama, magazeti na uchaguzi mwingine wa kungojea, na mwaka 1980 wafuasi wa mawazo yake walimwingiza Reagan Ikulu ya Marekani. Fundikira hakuwa na pa kungojea. Katiba ya Muda ya 1965 ilivifunga vyama vingine Tanzania Bara. Ni kweli uchaguzi wa mwaka huo uliwapa wananchi wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, wakawaangusha hata mawaziri, Paul Bomani akiwemo. Lakini mwaka 1975 Katiba ikatamka wazi ukuu wa chama, na “chama kushika hatamu” ikawa lugha ya kila siku. Mtemi alikuwa amekwenda kwenye mashirika ya umma. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki.

Mwaka 1990 Nyerere mwenyewe alisema kuzungumzia vyama vingi si dhambi. Mwaka uliofuata, wanamageuzi walipounda kamati yao Dar es Salaam, walimpa uenyekiti mzee wa miaka 70: Fundikira. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta Watanzania walio wengi bado wanataka chama kimoja, lakini ikapendekeza mabadiliko, na Julai 1992 vyama vingi vikarudi kisheria.

Fundikira alianzisha chama cha UMD, na hapo wakati ukamkatalia. Kura za hasira mwaka 1995 zilikwenda kwa Augustino Mrema, mgombea urais aliyepata karibu asilimia 28. UMD haikupata hata kiti kimoja. Hoja ya utaratibu wa Bunge, hata iwe sahihi namna gani, haijazi viwanja vya Jangwani.

Fundikira alifariki Agosti 2007, akiwa na miaka 86. Mwezi huohuo Bunge, sasa likiwa Dodoma, lilimsimamisha mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, baada ya kutaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe.