Faru wa Mkomazi warejea kwao

Anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi siku hizi anaweza kumwona faru mweusi mchana kweupe, akitafuna vichaka vya miiba nyuma ya Milima ya Upare. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuwapo hata mmoja.

Mkomazi ilianza mwaka 1951 kama pori la akiba, ikipakana na Tsavo ya Kenya, na katika miaka ya 1960 ilikadiriwa kuwa na faru wapatao 250. Kisha bei ya pembe ikapaa. Yemen walizitaka kwa vipini vya majambia, Asia ya Mashariki kwa dawa. Majangili hawakubakiza kitu.

Mwaka 1989 akaja Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na George Adamson huko Kora, Kenya. Barabara zikachongwa, askari wakapata redio na magari, na eneo la faru likazungushiwa uzio. Mwaka 1997 wakashushwa kwa ndege faru wanne kutoka Addo, Afrika Kusini. Na hapa ndipo penye utamu wa historia hii: faru hao wa Addo ni uzao wa faru saba waliochukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walioshuka Mkomazi, basi, hawakuwa wageni. Ni damu ya Afrika Mashariki iliyohifadhiwa ugenini wakati sisi huku tunaimaliza. Mwaka 2009 wakafuata wengine watatu, kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech.

Lakini wako waliotoka wasirudi. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha mifugo yao humo waliondolewa, na madai yao yakafika hadi Mahakama ya Rufani. Anayesimulia ushindi wa faru bila kuwataja watu hao anasimulia nusu tu.

Mkomazi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na tangu mwaka 2020 watalii wanaruhusiwa kuwatazama faru katika eneo maalumu lenye uzio. Lango la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini Same, ambako mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hupita kutwa. Msomaji, siku moja shuka Same uwaone. Wamesafiri mbali sana kurudi, nasi tusiwapite tu njiani.